Kompyuta ya shule imegoma? Shika raba kwanza

Nyinyi walimu mnaoshika maabara za kompyuta huku kwetu Lamu, kabla hujapakia mashine kwenye boti kutoka Faza au Siyu kwenda kutafuta fundi Amu, hebu jaribu hiki. Hewa yetu ina chumvi, na kusi ikivuma ndo balaa, chumvi inakaa kwenye meno ya RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ndani ya mashine, basi ukiwasha feni inazunguka lakini skrini nyeusi tii, mashine inalia bip bip tu. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza batani ya pawa kama sekunde 10 umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi, halafu toa RAM. Yale meno ya rangi ya dhahabu yasugue taratibu na raba nyeupe ya penseli, hii hii ya watoto, sio ile ya kufutia wino maana ile inakwaruza. Pangusa makombo yote, rudisha, sukuma mpaka usikie ta! huku na huku. Mie juzi nilikuwa na tano zimekufa, tatu zikaamka hivi hivi na fundi kashaitisha hela ya bodi mpya wallahi.

Saa ikirudi nyuma kila ukiwasha, hiyo mara nyingi ni betri ya CR2032, ile kama sarafu, volti 3, badilisha tu.

Na jioni msifunike na nailoni mashine zingali moto, jasho linabaki ndani, leso kuukuu yatosha.