Kutambua risasi za zamani ulizookota shambani

Mpwa wangu alikuja Moshi na kopo la maziwa limejaa vyuma alivyovipata kwa mashine ya kutafutia madini, kwenye shamba la baba yake kule Kahe. Waingereza na Wajerumani walipigana huko Machi 1916. Tulikaa na kopo hilo mezani mchana kutwa.

1. Tenga. Risasi ambayo bado imo ndani ya ganda lake usiioshe wala kuitikisa. Iache shambani, weka alama, waite polisi.

2. Osha kwa maji na mswaki laini. Ndimu na siki zinakula alama tunazozitafuta.

3. Pima unene. Hapa niliwahi kupoteza jioni nzima. Rula haifai, tafuta venia (kipimo chenye taya mbili za kubana kitu), hata ya plastiki. Risasi ya Mauser, bunduki ya Mjerumani, huitwa 7.92, kwa hiyo nilipopima moja nikapata milimita 7.9, nikatangaza ni ya Mjerumani. Kumbe namba hiyo inafuata tundu la mtutu kabla ya kuchongwa mifereji. Risasi yenyewe ina 8.2. Ya Mwingereza, .303 (ni inchi), kwa milimita huitwa 7.7, ila ukiipima inatoa karibu 7.9! Majina yanakupoteza kabisa. Pima juu kidogo ya kitako, izungushe, pima tena mara tatu. Iliyogonga jiwe imetanuka, usiiamini.

Ukibaki na shaka, tazama mistari iliyochorwa na mtutu. Simamisha risasi, ncha juu. Mitano inayolalia kushoto ikipanda ni Lee-Enfield, bunduki ya Mwingereza, minne inayolalia kulia ni Mauser. Mimi naiamini mistari kuliko venia, kwani haitanuki.

4. Sumaku. Ng'oa ya spika mbovu. Ya Mjerumani mara nyingi ina gamba la chuma, hunasa. Ya Mwingereza hainasi.

5. "Anko, hii si chubwi ya nyavu?" Donge zito la kijivu, halina gamba, linakwaruzika kwa ukucha, unene milimita 11. Si chubwi. Ni risasi ya risasi tupu (Kiswahili nacho!), ya bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 ambayo askari wengi wa Mjerumani bado waliibeba. Baruti yake ilitoa moshi mwingi, adui akajua ulipojificha.

6. Maganda matupu ni rahisi: la .303 lina ukingo uliotokeza kitakoni, la Mauser ya 7.92 halina.