Kusafisha udongo uliomwagikiwa mafuta kwa kutumia bakteria

Mwongozo huu unahusu udongo wenye dizeli au mafuta ghafi, uliokwisha kuchimbuliwa na kutandazwa juu ya plastiki nzito kwa unene usiozidi sentimita 30.

Hatua ya 1. Peleka sampuli maabara ipimwe mafuta, pH (kipimo cha asidi ya udongo) na metali nzito. Mafuta yakizidi miligramu 50,000 kwa kilo, changanya na udongo wenye mafuta kidogo, maana kiwango hicho huwalemea bakteria. pH iwe kati ya 6 na 8.

Hatua ya 2. Usikimbilie kununua bakteria wa chupa. Bakteria walao mafuta, kama Pseudomonas na Rhodococcus, kwa kawaida wamo tayari udongoni, nao wamezoea mazingira hayo kuliko wageni; wanachokosa ni virutubisho na hewa.

Hatua ya 3. Weka mbolea, na hapa usikadirie kwa macho. Uwiano unaotumika sana wa kaboni, nitrojeni na fosforasi ni 100:10:1. Tani moja ya udongo yenye miligramu 10,000 kwa kilo ina kilo 10 za mafuta, ambazo takribani 8.5 ni kaboni. Inahitaji kilo 0.85 za nitrojeni, na kwa kuwa yurea ina nitrojeni asilimia 46, hiyo ni kama kilo 1.85 za yurea. Mara yangu ya kwanza niliimwaga yote siku moja. Siku chache baadaye, nilipofunua turubai, harufu kali ya amonia ilinichoma macho, pH ilikuwa imepanda, na kwa wiki kadhaa kiwango cha mafuta hakikushuka hata kidogo. Tangu hapo naigawa mara nne au zaidi, naiyeyusha katika maji ya kunyunyizia, na kupima pH kabla ya kila awamu. Fosforasi huongezwa vivyo hivyo, kidogo kidogo.

Hatua ya 4. Geuza udongo kila wiki. Ukiufumbata, ushikamane bila kuchuruzisha maji. Ukilowa mno, maji hujaza nafasi za hewa na bakteria hukosa oksijeni. Mvua ikinyesha, funika.

Hatua ya 5. Pima kila mwezi. Harufu ikipotea usidhani kazi imekwisha, kwani mafuta mepesi huyeyuka hewani yenyewe, ilhali molekuli nzito huchukua miezi mingi. Kwa sababu hiyo tenga tangu mwanzo fungu dogo la udongo huohuo lisilotiwa mbolea, uligeuze na kulinyunyizia maji sawasawa na mengine, kisha ulinganishe vipimo: tofauti kati yao ndiyo itakayokuonyesha mchango wa mbolea uliyowapa bakteria.