Namna ya Kuichunguza na Kuitunza Tezi ya Shingo

Simama mbele ya kioo mahali penye mwanga wa kutosha, shingo ikiwa wazi na glasi ya maji ikiwa mkononi. Inua kidevu kidogo, piga funda moja, na unapolimeza tazama sehemu iliyo chini ya kikoromeo. Hapo ndipo ilipo tezi ya thairoidi, imelikumbatia bomba la hewa kwa pande mbili mfano wa kipepeo, nayo hupanda na kushuka kila mtu amezapo. Uvimbe unaopanda pamoja na funda la maji yaelekea ni wa tezi hiyo. Kisha papasa taratibu kwa ncha za vidole: ikiwa upande mmoja wa tezi umezidi ukubwa wa pingili ya mwisho ya kidole gumba chako mwenyewe, hilo huhesabiwa kuwa rovu, ambalo wengi hulijua kwa jina la goita.

Ukubwa wa rovu hauonyeshi namna tezi inavyofanya kazi. Tezi huchukua madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye damu na kuyatumia kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazoamua kasi ya moyo, joto la mwili na jinsi chakula kinavyotumika. Tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo huisimamia kwa homoni iitwayo TSH, ambayo hupanda pale thairoidi inapozembea na kushuka pale inapozidisha. Ndiyo maana kipimo cha kuomba kwanza ni TSH, kwa kuwa mtu mwenye rovu kubwa anaweza kuwa na homoni za kawaida kabisa, na mwingine mwenye shingo nyembamba akawa mgonjwa sana.

Tezi ikilegea, mtu huchoka bila kazi, huhisi baridi wenzake wakitoka jasho, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, sauti huwa nzito na hedhi huongezeka. Dalili hizi huja polepole mno, na inasikitisha kwamba mama wa makamo huambiwa ni umri tu, au ni uvivu, kwa miaka. Tezi ikizidisha, mtu hukonda huku akila vizuri, moyo huenda mbio, na wengine macho hutokeza. Mwambie anyooshe mikono mbele, umwekee karatasi juu ya vidole, na utaona karatasi ikitetemeka.

Anayeandikiwa levothairoksini, yaani kidonge cha T4 kwa tezi iliyolegea, aimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kati ya dakika 30 na 60 kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu huizuia isiingie mwilini, hivyo vipishane nayo kwa saa 4. Asikate tamaa akiona wiki ya kwanza imepita bila nafuu, kwani T4 huchukua takriban siku 7 kupungua nusu mwilini, na kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Anayetumia kabimazoli kwa ajili ya tezi iliyozidisha, akipata homa na koo kuuma, aache dawa na kwenda siku hiyo hiyo kupimwa chembe nyeupe za damu.

Kwa upande wa kinga, chumvi ndiyo msingi. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania zilijulikana kwa marovu kwa sababu udongo wa milimani umesombwa madini joto na mvua; katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mihogo isiyoandaliwa vizuri ilizidisha tatizo, maana sumu yake huizuia tezi kuchukua madini hayo machache. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Nunua chumvi yenye madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, unyevu na moto wa jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Usiongeze chumvi ili kuponya rovu la zamani, kwani madini joto ya ghafla yanaweza kuifanya tezi hiyo izidishe. Usichanjwe chale shingoni. Uvimbe mgumu, unaokua haraka, au unaoambatana na sauti kukwaruza na shida ya kumeza, unahitaji hospitali bila kuchelewa.

Mjamzito ninamsisitizia zaidi, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama. Mahitaji yake ya madini joto hufika mikrogramu 250, na kama tayari anameza levothairoksini, asiiache. Amwone daktari mara anapojua ana mimba, kwani kwa kawaida dozi hulazimika kuongezwa.