Somo: Kumpunguza uzito paka mnene katika nyumba yenye wanyama wengine

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya mwenye paka aliyenenepa kupita kiasi, lakini anashindwa kumpunguzia chakula kwa sababu ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna paka mwingine mwembamba, au mbwa, na vyombo vyao vyote viko wazi. Hali hiyo naijua. Kwangu, Tabata, yupo Sukari, dume aliyehasiwa ambaye alifikia kilo 6.8, yupo Mishi, jike mdogo wa kilo 3.4, na uani yupo mbwa mlinzi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba unene wa Sukari ni maumbile yake, kumbe alikuwa akila chake, akimalizia cha Mishi, kisha akishuka uani kulamba sufuria ya mbwa.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba amenenepa kweli

Usimpime kwa ngozi inayoning'inia chini ya tumbo, maana hata paka wembamba huwa nayo. Mpapase mbavu. Kunja ngumi na upitishe kidole juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, paka amekonda. Kisha nyoosha mkono na upapase mgongo wa kiganja, kwa kuwa hivyo ndivyo zinavyopaswa kuwa mbavu za paka mwenye uzito mzuri. Zikiwa kama kiganja kwa upande wa ndani, yaani mpaka ubonyeze ndipo uufikie mfupa, basi amenenepa. Baada ya hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumpunguzia chochote, kwa sababu kisukari na maumivu ya viungo huandamana na unene, na yeye ndiye atakayekupangia uzito wa kulenga.

Hatua ya pili: Tafuta mizani miwili

Mmoja ni wa paka. Mzani wa kukanyaga kwa miguu hauonyeshi vizuri tofauti ya gramu hamsini, kwa hiyo mimi humtia Sukari kwenye kikapu na kukining'iniza kwenye mzani mdogo wa kupimia mizigo ya safari, kila Jumamosi asubuhi kabla hajala, kisha natoa uzito wa kikapu. Wa pili ni mzani wa jikoni wa kupimia chakula.

Hatua ya tatu: Pima chakula kwa gramu

Paka anayelenga kilo 5 huhitaji takriban kilokalori (kipimo cha nguvu iliyo katika chakula) 235 kwa siku akiwa ametulia tu, na madaktari wengi huanza na asilimia 80 ya kiasi hicho, yaani karibu kilokalori 190. Ikiwa chakula kikavu unachotumia kina kilokalori 370 katika gramu 100, mgawo wake wa siku nzima ni gramu 50 hivi. Usikitegemee kikombe. Siku moja niliwaomba watu watatu wa nyumbani kwangu wachote "kikombe kimoja" kila mmoja kwa mkono wake, nikavipima vyote: cha kwanza kilikuwa gramu 58, cha pili 66, cha tatu 81. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kupunguza kwetu kwa miezi miwili hakukuzaa kitu.

Kila asubuhi napima mgawo wa Sukari na kuutia katika kopo lenye mfuniko. Yeyote anayetaka kumpa kitu, awe mtoto au mgeni, anachota humo, na kopo likiisha limeisha. Utaratibu huu ulimaliza ugomvi mwingi.

Hatua ya nne: Tenganisha ulaji

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi hushindwa. Acha kabisa desturi ya kuweka sahani iliyojaa kutwa nzima. Wape milo mitatu kwa saa zinazojulikana, kila mnyama mahali pake, na baada ya dakika ishirini ondoa vyombo vyote, hata kama Mishi wako amebakiza. Atajifunza ndani ya siku chache.

Njia bora kuliko zote ni mlango uliofungwa: mmoja anakula chumbani, mwingine jikoni. Nje ya nchi zinauzwa sahani zenye mfuniko unaofunguka kwa kutambua chipu iliyo chini ya ngozi ya paka, nazo hufanya kazi vizuri, lakini mlango hautaki fedha. Mwanzoni mimi nilimlisha Mishi juu ya kabati la vyombo, nikijua kwamba Sukari hawezi kuruka hadi pale. Katika mwezi wa nne wa kumpunguza, alipokwisha kupungua, nilimkuta amesimama juu ya kabati, kichwa ndani ya sahani ya mwenzake. Nilifurahi na kusikitika kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo Mishi anakula ndani ya sanduku lililotobolewa tundu la kumtosha yeye tu.

Chakula cha mbwa nacho kisisahauliwe. Mbwa alishwe mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, na sufuria yake iondolewe na kuoshwa mara amalizapo.

Hatua ya tano: Nenda polepole

Paka apungue kati ya asilimia 0.5 na 2 ya uzito wake kwa wiki. Kwa paka wa kilo 6.8, hiyo ni gramu 34 hadi 136. Sukari alipungua gramu 300 katika wiki nne za kwanza, nami niliridhika. Akipungua kwa kasi zaidi ya hapo, mwongezee. Kumshindisha njaa paka mnene ni kumhatarisha, kwa sababu mwili wake huyeyusha mafuta kwa wingi yakajazana katika ini, na ini likishindwa anaweza kufa.

Maswali ya wasomaji

Shikamoo mama. Paka wangu analia kuanzia saa tisa usiku akitaka kula. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Chukua sehemu ya mgawo wake uleule umpe wakati wa kulala, na kabla ya hapo mchezeshe dakika kumi kwa unyoya wa kuku uliofungwa kwenye uzi. Uzi huo uufiche baada ya mchezo, maana akiumeza unaweza kumkata utumbo. Akilia usiamke kumpa, kwa kuwa ukimpa mara moja tu ataendelea kulia.

Dada, mimi sina uwezo wa chakula cha dukani. Wangu wanakula ugali na dagaa.

Anza kwa kupunguza ugali, kwa sababu paka ni mla nyama na ugali ndio unaomnenepesha bila kumjenga. Dagaa uchemshe bila chumvi, mafuta wala kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwake. Daktari akusaidie kupanga kinachobaki, kwani chakula cha nyumbani pekee ni vigumu kukikamilisha.

Nina mtoto wa paka wa miezi mitatu pamoja na mama mnene. Je, wote nipunguze?

Hapana. Mtoto anakua, ashibe, tena mara nne kwa siku, ila ale ndani ya sanduku lenye tundu dogo ambalo mama yake hapiti.

Nimebadilisha chakula juzi, na tangu jana asubuhi hajagusa kitu. Nisubiri aone njaa?

Usisubiri, ndugu yangu. Mrudishie chakula cha zamani sasa hivi, na asipokila mpeleke kwa daktari leo hii. Akipona, changanya kipya na cha zamani kidogo kidogo kwa siku kumi.