Ukimpeleka mama kula Sweet Home Café, Washington

Wageni kutoka nyumbani wakifika kwangu Silver Spring, kando ya Washington, siku ya tatu nawapeleka Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, pale Constitution Avenue. Nimeshampeleka mjomba, mashemeji wawili, na mwaka juzi mama yangu aliyetoka Tanga. Kabla hatujafunga mlango wa nyumba, wote huuliza swali moja: "Huko tutakula nini?" Basi nawaandikia mlio na wageni njiani.

Mkahawa wenyewe, Sweet Home Café, umo ndani ya jengo, ghorofa moja chini ya mlango mkuu. Huwezi kwenda kula tu. Lazima uwe na pasi ya kuingia makumbusho. Pasi ni ya bure, ina saa yake, na unaichukua mtandaoni. Ichukue mapema, hasa ukitaka Jumamosi. Zipo zinazotolewa asubuhi ya siku hiyohiyo, lakini hizo zinagombaniwa kama tiketi za Simba na Yanga. Gari liache nyumbani. Panda treni ya mstari mwekundu, badilisha Metro Center, shuka Federal Triangle, halafu tembeeni taratibu mpaka mlione jengo la rangi ya shaba lenye matabaka matatu kama vikapu vilivyopandanishwa. Hapo mwambie mgeni kwamba aliyelisanifu, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Mjomba wangu aliposikia hivyo alibadilisha hata mwendo.

Sasa saa ya kula, ambapo mimi nilikosea. Sehemu ya historia iko chini ya ardhi. Lifti inawashusha mpaka karne ya 15, kisha mnapanda kwa miguu, ghorofa tatu, polepole. Tuliingia saa sita mchana nikamwambia mama, "Tutakula tukimaliza." Mama ana kisukari, na mimi nalijua hilo.

Kulekule chini kabisa akakutana na mabaki ya São José, meli ya Wareno iliyoondoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 kwenda Brazil, ikavunjika karibu na Cape Town ikiwa na watumwa zaidi ya 400. Nusu yao hivi walikufa. Kulikuwa na vipande vya chuma pale, vizito, vimeliwa na chumvi. Mama akauliza ni vya nini. Nikaanza kumweleza kwamba watu ni wepesi kuliko shehena nyingine, kwa hiyo walipakia chuma ili meli isiyumbe. Hakuningoja nimalize. "Farumi hiyo," akasema. "Baba alikuwa akitia mawe kwenye jahazi." Akasimama pale muda mrefu, mkono mdomoni, na mimi sikuwa na moyo wa kumharakisha.

Saa nane sukari ikamshuka, mikono ikaanza kumtetemeka. Kilichotuokoa ni pipi mbili nilizozisahau kwenye mfuko wa koti.

Kwa hiyo: mwenye kisukari, mjamzito, mzee au mtoto mdogo ale kwanza, kabla ya saa sita, foleni haijajaa. Mara nyingi huwa kuna wanafunzi wa ziara waliovaa fulana za rangi moja, na kundi moja la hao likiingia mbele yenu mtasimama sana. Wenye afya zao washuke kwanza. Ukimaliza ghorofa za historia unatokea palepale penye mkahawa. Ila usiende moja kwa moja kwenye chakula. Utakuwa umetoka kuliona jeneza la Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, na baada ya hapo mate hayapiti. Kuna ukumbi ambamo maji yanamwagika kutoka juu kama mvua ya masika. Kaeni humo dakika kumi, msiongee.

Mkiingia mkahawani, msikimbilie trei. Zungukeni kwanza mtazame. Mkahawa ulipofunguliwa, mwaka 2016, jiko lilipangwa kwa kanda nne: Kusini ya mashamba, pwani ya Wakrioli (upande wa Louisiana), majimbo ya Kaskazini, na Magharibi. Vyakula hubadilikabadilika, ila mtu wa kwetu hakosi anachokijua. Ile "collard greens" ni sukuma wiki, imepikwa mpaka imelegea kabisa. "Black-eyed peas" ni kunde, na kunde zilitoka Afrika kwenda huko. Grits ni mahindi yaliyokobolewa na kusagwa, yakapikwa kati ya uji na ugali, halafu juu wanaweka kamba. Gumbo ni mchuzi mzito, na jina lake linatokana na neno la Kibantu la bamia. Mama alipoambiwa hilo alisema angejua mapema asingepanga foleni, bamia anazo Tanga.

Kwa Waislamu, hapa muwe macho. Sukuma wiki ya Kusini kwa asili hutiwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, nayo haionekani, imeshayeyukia humo. Gumbo huwa na soseji. Hata hao kamba juu ya grits mara nyingine huwekewa bekoni. Ulizeni kwenye kila kaunta, si mara moja tu: "Any pork?" Waulizeni pia kuhusu mafuta ya kukaangia. Mwenye shaka ya kuku ale samaki au kunde, hatakosa kushiba. Sahani ni kubwa, na bei si ya mama ntilie. Kina mama wawili wachukue chakula kimoja na vitoweo viwili vya pembeni wagawane. Chai ya barafu muipite, ni sharubati ya sukari.

Tafuteni meza inayotazama ile picha kubwa ya ukutani, ya vijana wa Greensboro, North Carolina, waliokaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth tarehe 1 Februari 1960 wakaagiza kahawa, wakanyimwa kwa sababu ya rangi yao. Mama alikuwa anatafuna kunde akauliza, "Mwisho wake walipewa?" Nikamwambia kaunta ilifunguliwa kwa Weusi mwezi wa saba. Akahesabu kwa vidole. "Miezi sita, kwa kikombe cha kahawa!" Akasukuma sahani kidogo, kisha akairudisha akamaliza.

Mkitaka kwenda ghorofa za juu kwenye muziki na michezo, maliza chakula chote mezani, kwani huko juu hakiruhusiwi. Kipande cha mkate wa mahindi kilichobaki mama alikifunga kwenye leso. Kwenye treni akataka kukitoa, nikamzuia, maana treni za Washington kula ni marufuku. Tukakila nyumbani kwa chai ya rangi, bila sukari.