Kuhuisha ramani ya hatari ya matetemeko Uganda: tengeneza saa kwanza

Majuzi mhandisi mmoja kijana wa Fort Portal aliniletea kompyuta yake. "Mzee, mbona imewaka hivi? Nimeongeza data kidogo tu." Ramani yake mpya ilikuwa nyekundu kama pilipili kuanzia Kasese hadi Ziwa Albert. Tulikaa nayo tangu asubuhi hadi magharibi, na kosa halikuwa kwenye hesabu. Kosa lilelile liliwahi kunitesa mimi miaka ya nyuma, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Kusanya orodha

Chukua orodha za kimataifa za matetemeko: ISC-GEM kwa makubwa, ISC (kituo cha kimataifa cha matetemeko) kwa mengine, na USGS (shirika la jiolojia la Marekani) kwa yale ya karibuni ambayo ISC haijayapitia. Usikate kwenye mpaka. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9, kitovu chake kilikuwa Tanzania, karibu na Bukoba, lakini Rakai upande wa Uganda nako nyumba zilipasuka. Mimi huongeza digrii tatu kila upande.

Hatua ya 2: Saa na tarehe

Hapa ndipo siku ilipoishia. Kijana alikuwa amechanganya orodha za kimataifa na maelezo ya wazee aliyoyakusanya vijijini. Kazi nzuri, tena ningependa wengi waifanye. Sasa tazama tetemeko la Toro la 20 Machi 1966, lililoua watu zaidi ya 100. Lilipiga saa 01:42 kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Kwa saa ya ukutani Uganda ilikuwa 04:42. Mzee wa Bundibugyo anakwambia "saa kumi na dakika arobaini hivi, alfajiri," maana Rutooro huhesabu saa kama Kiswahili. Kijana akaandika 10:40. Tetemeko moja, mistari mitatu, na programu inayaona matetemeko matatu.

Tarehe nazo huteleza. Tetemeko la Kisomoro, ukubwa 6.2, limeandikwa 5 Februari 1994 saa 23:34 UTC. Waliolala Kabarole usiku ule wanakumbuka saa nane na nusu, usiku wa kuamkia Jumapili, yaani tarehe 6. Mwingine husema "usiku wa Jumapili" akimaanisha uleule, na mwandishi asiyeuliza huweka tarehe 7. Uliza kila mara: kabla ya kwenda kanisani au baada?

Dawa yangu ni hii. Usifute safu ya saa kama ilivyoandikwa mwanzo. Ongeza safu ya pili ya UTC na ya tatu inayosema saa ile ilikuwa ya aina gani. Kisha panga jozi zote zilizo ndani ya kilomita 100 na siku mbili, utazame tofauti ya muda. Ikikaribia saa 3, 6 au 9, simama. Karibu kila mara ni tetemeko lilelile. Fanya hivi kwa Python. Programu za majedwali naziogopa: ukiipa 5/2/1994 huenda ikakurudishia tarehe 2 Mei bila kukuuliza.

"Lakini mzee, si hatua ya kuondoa mitetemo tegemezi, ile inayotangulia au kufuata tetemeko kubwa, itazifuta nakala?" Nami niliwaza hivyo. Dirisha la Gardner na Knopoff, yaani umbali na muda ambao mtetemo huhesabiwa kuwa tegemezi, kwa ukubwa wa 4.0 ni kilomita 30 na siku 42. Vitovu vya zamani hukosewa kwa zaidi ya kilomita 30, kwa hiyo nakala inaponyoka na kuhesabiwa kama tetemeko huru. Kwa makubwa ni afadhali, dirisha la 6.0 ni kilomita 54 na siku 510, ila kuna mtego mwingine: nakala ikiwa na ukubwa wa juu kidogo, yenyewe ndiyo hubaki, na kitovu sahihi hutupwa kama mtetemo wa utangulizi. Tulikuta hivyo mara mbili.

Hatua ya 3: Geuza ukubwa wote uwe wa kipimo kimoja, Mw

Halafu ndipo uondoe mitetemo tegemezi, si kabla.

Hatua ya 4: Kanda na vina

Kina cha kilomita 10 au 33 kilichojirudia mistari mia si kipimo, ni namba ya kujazia tu. Kiondoe kabla ya kukokotoa wastani wa kina wa kila kanda. Chini ya Rwenzori matetemeko hushuka kupita kilomita 30, na ukiyaweka yote kwenye 10 utaitikisa Kasese kwenye karatasi kuliko inavyostahili.

Hatua ya 5: Kokotoa

Tumia OpenQuake, programu ya kukokotoa hatari ya matetemeko. Ni ya bure, na mwenzako anaweza kufungua faili zako akaona ulichofanya; programu iliyofungwa siiamini hata nikipewa zawadi. Tafuta mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 wa kupitwa katika miaka 50, yaani marudio ya miaka 475, juu ya mwamba.

Hatua ya 6: Chora

Kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, tumia mizani ya rangi ya ramani ya zamani, namba kwa namba. Ukiiacha programu ichague yenyewe, nyekundu itahama hata kama hatari haijahama. Kisha chora ramani ya tatu: mpya kutoa zamani. Ya kijana, baada ya kusafisha saa, ilibaki karibu nyeupe yote, isipokuwa doa upande wa Rakai. Hilo tuliliacha. Ni la 2016.