Kabla ya Kusimamisha Nguzo za Gati Mbele ya Hoteli

Kazi yangu ni kuandaa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, zile zinazopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na wateja wangu wengi ni wenye hoteli za Kwale na Kilifi, pwani ya Kenya. Simu huwa ni ile ile: "Mchoro uko tayari, fundi yuko tayari, tutafutie tu karatasi ya NEMA." Nikisikia hivyo najua tutachelewa. Ukitaka gati la wageni kupandia mashua, au sitaha ya mbao ya kukalia juu ya maji, mchoro uje baadaye. Anza na maji yenyewe.

Subiri bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Pwani yetu maji ya bamvua hupwa sana kabla ya adhuhuri, kisha hujaa alasiri kuelekea jioni, kwa hiyo siku moja yatosha kuona yote mawili. Asubuhi tembea mstari wote wa gati. Siku hizo tofauti ya maji hapa Mombasa hukaribia mita 4, na mengi yanayofichwa na bahari yatakuwa wazi. Piga picha zenye tarehe. Andika palipo na mchanga mtupu, palipo na nyasi za bahari, palipo na matumbawe. Mara nyingi gati huhamishwa siku hiyo hiyo, na kuhamisha mstari wa penseli hakuna gharama.

Jioni mpimaji aliyesajiliwa aweke alama pale maji yanapofika, alinganishe na bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Hatimiliki yako haifiki huko, hata kama viti vyako vya kuotea jua viko hapo tangu enzi za babu yako. Gati litasimama kwenye mali ya wote, basi andika barua zako kama mwombaji.

Sasa nenda dikoni, pale wavuvi wanapoegesha vyombo vyao. Wazee wa wavuvi na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, uwaone kabla ya mhandisi, na usiende na mkataba mkononi. Uliza ngalawa zinapita wapi maji yakiwa machache, kina mama wanachokoa pweza mwamba gani, kasa hupanda kutaga wapi. Majibu yao yanaingia kwenye mchoro. Mkutano rasmi na wananchi utakuja, ukiwa na kumbukumbu na sahihi. Lakini orodha ya mahudhurio iliyojaa wafanyakazi wa hoteli haimdanganyi mkaguzi hata mmoja. Nimeziona, tena za sare moja.

Ndipo umtafute mtaalamu. Hakikisha ana leseni ya NEMA ya mwaka huu. Ya mwaka jana haikusaidii. Sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni zake hupanga miradi kwa ukubwa wa hatari, na aina ya ripoti hufuata kundi hilo. Usijipangie kundi jepesi. Waulize NEMA kwa maandishi. Ukiwa ndani ya hifadhi ya bahari, kama Watamu iliyohifadhiwa tangu 1968, KWS, yaani Huduma ya Wanyamapori, wana neno lao. Penye mikoko utapita kwa Huduma ya Misitu. Kibali cha ujenzi cha kaunti ni jambo jingine kabisa, na leseni ya NEMA haichukui nafasi yake.

Katika ripoti, sehemu ninayoipigania zaidi ni umbo. Wateja hupenda ukuta wa mawe kwa sababu unaonekana imara. Lakini mchanga wetu unasafiri: upepo wa kusi huusukuma kaskazini, upepo wa kaskazi huurudisha kusini. Ukuta unaoingia baharini huuzuia upande mmoja na kuufilisi ufuo wa jirani upande wa pili, na jirani huyo ndiye atakayekushtaki. Gati la nguzo zilizoachana huacha maji na mchanga vipite. Taa nazo ziwe hafifu, zimefunikwa, zinaangalia chini, kwa sababu vitoto vya kasa hufuata mwanga na vitapotelea kwenye baa yako badala ya kufika majini.

Leseni ikitoka, soma masharti yake yote na umpe mkandarasi nakala ya Kiswahili anayoielewa. Asiyeridhika ana siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo la kesi za mazingira, na mimi huwashauri wateja wasiagize mbao za bei kubwa kabla siku hizo hazijaisha. Ukaguzi wa kwanza wa mazingira hufanywa ndani ya miezi 12 baada ya gati kuanza kutumika. Tenga fedha zake mapema. Na ukiamua katikati ya ujenzi kuongeza ngazi, baa au mita 10 za urefu, simamisha kazi, uombe kwanza leseni ibadilishwe.